Majina Ambayo Sanamu Haikuyaandika

Kwa miaka mingi zile sanamu tatu za Kenyatta Avenue zilikuwa kwangu mahali pa kukutania tu. "Nipate hapo kwa askari," ungemwambia mtu, naye angejua. Unasimama pale simu mkononi, matatu zinapiga honi, na hata siku moja huinui macho kusoma kilichoandikwa. Kama na wewe ni hivyo, tusioneane aibu.

Niliyasoma maandishi yale kwa mara ya kwanza wiki moja baada ya kumzika shangazi yangu. Pale mazishini mzee mmoja wa ukoo alipewa nafasi ya kutaja jamaa, kuanzia waliotangulia mpaka walio hai. Alipofika kwa ndugu yake babu wa baba yangu alisema, "na yule aliyechukuliwa Kariakoo," kisha akaendelea na wengine. Aliyechukuliwa. Hakusema aliyekwenda. Nilimfuata baadaye chini ya hema, sahani ya pilau mkononi, nimuulize zaidi. Akanijibu kwamba hakuna zaidi. Alikuwa kijana, hajaoa, walikuja wakamchukua abebe mizigo ya vita vya Wazungu, hakurudi. "Lakini jina tunalo," akasema, akanyoosha kidevu upande aliokuwa amesimama kaka yangu.

Kwetu mtoto hupewa jina la mtu. Yule ndugu aliyebaki nyumbani alimpa mwanawe jina la mwenzake aliyepotea, na jina likashuka hadi likamfikia kaka yangu, ambaye ni fundi wa friji na hajawahi kushika bunduki wala mzigo wa jeshi. Basi wiki ile nikaenda mjini kuona kama sanamu nayo inalo. Haina. Haina la mtu yeyote.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma maandishi ya vita vyetu nikiwa na swali moja: je, kinachosemwa hapa kinamkumbuka nani hasa? Nataka kuliuliza swali hilo kwa matini tatu. Ya kwanza ni ile ya kwenye jiwe. Ya pili ni kumbukumbu za Waruhiu Itote, *Mau Mau General*, zilizotoka Nairobi mwaka 1967. Ya tatu ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Afterlives*, ya mwaka 2020.

Tuanze na jiwe. Sanamu zenyewe ni za shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, na zilizinduliwa mwaka 1928. Mmoja ni askari wa King's African Rifles, lile jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Mwingine ni mpiga bunduki wa Kiarabu, na wa tatu ni mchukuzi. Chini yao kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na aliyeyatunga anatajwa kuwa Rudyard Kipling. Ni maneno machache sana, lakini ni matini, na matini huhakikiwa.

Kwa maneno yangu mimi, inakwenda hivi. Kwanza inasema ni kumbukumbu ya wanajeshi wenyeji wa Afrika waliopigana. Halafu inawataja wachukuzi, ikiwaita miguu na mikono ya jeshi. Halafu inawataja wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya Mfalme na nchi yao katika Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918. Mwisho inageuka na kusema: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Hebu angalia kilichotokea hapo mwisho. Sehemu ya kwanza inawazungumzia "wao", waliopigana na waliobeba. Ghafla anaingia "wewe". Sasa, maiti haambiwi "ukipigana". Anayeambiwa ni kijana anayepita barabarani mwaka 1928, mwenye miguu yake na mabega yake, ambaye huenda siku moja akahitajika tena. Kumbukumbu ya wafu imemalizikia kuwa tangazo la kuandikisha askari. Na kweli, miaka 11 baadaye vita vingine vilianza na vijana wakaandikishwa.

Halafu kuna hiyo "nchi yako". Ipi? Kenya ilitangazwa kuwa koloni mwaka 1920, vita vikiwa vimekwisha. Huyo kijana hakuwa na kura, na ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imetengewa walowezi. Lakini linalonikera zaidi ni ahadi yenyewe. Jiwe linasema watoto watakumbuka jina. Linaahidi kwa niaba ya watoto, lakini lenyewe halijisumbui kuandika hata moja. Na yule aliyekufa kabla ya kuoa? Wanawe ni akina nani?

Inauma zaidi ukijua Kipling alikuwa nani katika mambo haya. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alipotea katika mapigano ya Loos, Ufaransa, mwaka 1915. Kipling alimtafuta kwa miaka, akihoji askari waliorudi, na akafa bila kujua alipolala. Ni yeye aliyeisaidia Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza kuchagua maneno ya kuwekwa makaburini, yakiwemo yale ya kwamba jina la aliyekufa litaishi milele. Tume hiyo iliwekwa juu ya msingi mmoja mzuri: kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, kaburini au ukutani, bila kujali cheo. Mtu aliyeelewa hivyo uchungu wa kukosa kaburi ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa maneno ya sanamu isiyo na jina hata moja.

Mwaka 2021 tume hiyo hiyo, ambayo siku hizi ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti juu ya jambo hili. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Wakuu wa wakati ule waliamua kwamba kwa Mwafrika sanamu moja ya jumla inatosha. Tume iliomba radhi. Ni jambo jema kuombwa radhi, ila ukisoma tarakimu ile, 116,000 mpaka 350,000, unaona kwamba pengo lililoko katikati ni zaidi ya watu laki mbili. Kutojua idadi ya watu kwa kiasi hicho ni dalili kwamba hakuna aliyekuwa akihesabu.

Tunachojua juu ya wachukuzi kinatosha kumnyima mtu usingizi. Kikosi chao kiliundwa mwaka 1914, na mwaka 1917 ukafanyika msako mkubwa wa vijana, vijiji kwa vijiji. Njia za Tanganyika hazikupitika kwa magari, na farasi na nyumbu walikufa kwa mbung'o, kwa hiyo kila risasi na kila kilo ya unga ilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Wengi hawakuuawa na adui. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Waliuawa pia na unga uliosagwa vibaya na kupikwa haraka, ukawapasua matumbo watu waliozoea chakula kingine. Upande wa Waingereza peke yake, wanahistoria wanawakadiria waliokufa kuwa karibu 100,000. Wengi wao mishahara yao haikuwahi kuwafikia jamaa zao.

Kwa hiyo ninaposoma "miguu na mikono ya jeshi" sioni sifa. Mguu hausemi, na mkono hauna jina mbali na la mwenyewe. Ni lugha inayompokonya mtu kichwa huku inamshukuru. Na mara baada ya vita serikali ile ile ilionyesha kwamba ikitaka kuandika majina inaweza: ndipo kipande kilipoanza kutumika, na kila mwanamume Mwafrika akatakiwa atembee nacho, alama za vidole na yote, kikiwa ndani ya kikebe kinachoning'inia shingoni. Jina la aliye hai lilikuwa na kazi shambani kwa mlowezi. La aliyekufa halikuwa na kazi.

Sasa Itote. Wengi tunamjua kwa jina la msituni, Jenerali China. Kabla ya msitu alikuwa askari wa Keya. Aliingia jeshini mwaka 1942, akapelekwa Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka, kisha Burma kupigana na Wajapani. Kuna mahali katika kitabu anasimulia mazungumzo na askari Mwingereza karibu na Kalewa. Yule Mwingereza anamwambia kwamba yeye akifa atakuwa ameifia nchi yake, lakini Itote akifa, nchi yake itakuwa imepata nini? Itote anakiri kwamba swali lile halikumtoka akilini.

Nilipolisoma tena baada ya kutoka kwa zile sanamu, nilicheka peke yangu. Hilo ndilo jibu! Jiwe la 1928 linasema "ukiipigania nchi yako", mwanajeshi mmoja anauliza, kule kwenye matope ya Burma, "nchi ipi?" Kitabu chote kinachofuata, kiapo, msitu, kukamatwa mwaka 1954, hukumu ya kifo iliyofutwa, vifungo mpaka 1962, kinaweza kusomwa kama mtu anayelirudishia jiwe neno lake. Sawa, nimeambiwa nipiganie nchi yangu. Nimepigana. Hii hapa.

Na hapo ndipo nguvu ya kitabu ilipo, na udhaifu wake pia. Itote anaandika miaka minne tu baada ya uhuru, na anahitaji maisha yake yaende mahali pamoja. Burma inapata kurasa chache, msitu unapata nyingi, manake Burma kwake ni darasa la kwanza. Kila anayekutana naye huko ana somo la kumpa. Ukimaliza unajua alichojifunza, lakini hujui kama usiku alikuwa akishtuka. Hujui alikula nini siku ya mvua, wala nani alikufa kando yake na akamwonea vipi. Askari amekuwa hoja.

Simlaumu. Bildad Kaggia, aliyehudumu jeshini Mashariki ya Kati na Uingereza, naye ametuandikia maisha yake kwa mkondo huo huo katika *Roots of Freedom* ya mwaka 1975: kijana akaenda, macho yakafunguka, akarudi kudai haki. Ni kweli yao, na waliilipia. Shida ni sisi wasomaji tulioifanya kweli ya kila mtu. Tumeikariri tangu shule: eleza jinsi Vita Vya Pili vilivyochangia kukua kwa utaifa, askari waliona kwamba Mzungu hufa kama wao, pointi moja, alama moja. Mwanahistoria Timothy Parsons, katika *The African Rank-and-File* ya mwaka 1999, anaonyesha kwamba maveterani wengi hawakurudi wakawa wanasiasa. Walitaka kazi nzuri, heshima na ile faida waliyodhani wameahidiwa. Wengine walirudi wakanyamaza. Kwa kipimo cha mtihani wetu, aliyerudi akanyamaza hana alama. Aliyekufa akiwa na kuhara njiani mwaka 1917 ndiyo kabisa, macho yake hayakupata nafasi ya kufunguka.

Kwa hiyo nina kesi na jiwe, na kwa upole nina kesi na mtihani. Jiwe lilimkumbuka askari kwa sababu aliitumikia dola. Sisi tunamkumbuka kwa sababu aliipinga. Yote mawili yanamtaka awe na faida kwanza ndipo akumbukwe.

Gurnah anafanya jambo tofauti. Kama hujasoma *Afterlives*, nisamehe, nitakufichulia mwisho. Riwaya inaanzia pwani ya Tanganyika chini ya Wajerumani. Ilyas, kijana aliyelelewa shule ya misheni na anayewapenda Wajerumani kwa moyo wote, anajiunga na jeshi lao, Schutztruppe, vita vinapoanza. Anamwacha nyuma dada yake mdogo, Afiya. Harudi. Hamza, kijana mwingine, anajiunga na jeshi hilo hilo kwa kukosa pa kwenda, anajeruhiwa, anarudi mjini na kilema, anafanya kazi ya karakana, na anamwoa Afiya. Wanapata mtoto wa kiume. Wanamwita Ilyas.

Unaona kwa nini kitabu hiki kilinishika koo. Hapa ndipo riwaya inapokutana na mazishi ya shangazi yangu. Jina linapewa mtoto ili aliyepotea asipotee moja kwa moja. Lakini Gurnah haliachi jambo hilo likawa tamu tu. Mtoto analemewa. Anaanza kusikia sauti, na sauti inamtafuta mjomba. Jina ni mzigo, na mtoto amefanywa mchukuzi. Mimi sijawahi kumuuliza kaka yangu kama anausikia uzito wowote. Nilipomaliza ile sura nilimpigia simu, tukazungumza juu ya bei ya gesi ya friji, nikashindwa kuuliza.

Ilyas huyu wa pili ndiye anayekuja kufika Ujerumani akiwa mtu mzima na kufuatilia karatasi. Mjomba alikuwa ameishia huko. Alifia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Msomaji anaweza kudhani mwandishi ametia chumvi, lakini yupo mtu halisi aliyepitia njia kama hiyo: Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyekuwa askari mtoto wa Wajerumani katika Vita Vya Kwanza. Alikwenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara, hakulipwa, akakaa. Alifundisha Kiswahili na kuigiza katika filamu, na akafia Sachsenhausen mwaka 1944. Leo kuna kijiwe chenye jina lake kwenye njia ya miguu jijini Berlin. Kijiwe kidogo, mtu mmoja. Nimekifikiria sana nikikilinganisha na yale masanamu yetu makubwa.

Ninachompendea Gurnah ni kwamba Hamza hahitaji kuwa na somo. Hageuki mpigania uhuru, wala hageuki msaliti. Ni mtu aliyepita katika ukatili, akautenda na akautendewa, na kazi iliyobaki ni kuishi: kupata chumba, kazi, mke, na kulala usiku. Riwaya inampa heshima ile ambayo hata Itote hakujipa mwenyewe, heshima ya kuwa mtu wa kawaida baada ya vita.

Lakini nina manung'uniko. Hata kwa Gurnah wachukuzi ni umati. Wamo, tunawaona wakianguka njiani, lakini nadra sana kumsikia mmoja wao akisema jambo lake. Wenye majina na sauti ni askari. Labda haikwepeki. Askari alikuwa na namba, mshahara, afisa wa kumwandikia ripoti. Mchukuzi alikuwa na mzigo. Jina kubwa lililobaki la kikosi chao ni la mahali: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor yetu ya Nairobi, zote zikitokana na Carrier Corps, Waingereza walivyokiita kikosi hicho. Tunakwenda Kariokor kununua vyondo na kula nyama choma, na kila tukiambia makanga "nishukishe Kariokor" tunakitaja kikosi chao bila kumtaja mtu hata mmoja.

Kuna na suala la lugha. Vita vile vilipigwa kwa Kiswahili. Ndiyo lugha aliyoamrishwa nayo askari wa Mjerumani, na kwa kiasi kikubwa wa Mwingereza pia, na ndiyo lugha ambayo mchukuzi kutoka ziwani angezungumza na mwenzake kutoka pwani. Lakini Itote, Kaggia na Gurnah wote wameandika kwa Kiingereza. Riwaya nyingine ya Gurnah, *Paradise*, imekuja kwetu kama *Peponi*, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022, na wale wanajeshi wa Kijerumani wanaotokea mwishoni mwa kitabu hicho wanatisha zaidi ukiwasoma kwa Kiswahili. Nina hamu ya siku nitakapomsoma Itote naye hivyo, lile swali la Kalewa likiulizwa kwa lugha ambayo babu zetu wangelijibu.

Mtu atasema, wewe unataka nini basi? Majina 100,000 kwenye ukuta? Ndiyo, pale yatakapopatikana. Lakini mengi hayatapatikana kwenye karatasi, kwa sababu hayakuandikwa. Yatapatikana kwenye mazishi, chini ya hema, kwa mzee anayetaja ukoo na kumpita mtu mmoja kwa maneno matatu. Nadhani kazi ya anayeandika juu ya vita hapa kwetu ni kumfuata mzee yule kabla hajaondoka, hata kama atajibu kwamba hakuna zaidi. "Alichukuliwa" ni neno moja, na linasema ukweli ambao jiwe la 1928 lililikwepa kwa lugha tatu.

Nilitaka kumalizia kwa kuliandika jina hapa. Ingekuwa namna yangu ya kulilipa jiwe. Nikampigia kaka yangu tena kumwomba ruhusa, na safari hii nikamweleza sababu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema hapana, asingependa jina lake liwe mtandaoni namna hiyo, watu watamuuliza. Nikamwambia si lako, ni la yule. Akaniambia, "Sasa ni la nani kama si langu?"

Sikuwa na jibu. Mwezi wa nane mke wake anatarajia kujifungua.